Tufani ikija: jinsi ya kuinusuru nyumba na waliomo

Tarehe 4 Mei 2024, kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilifika kisiwani Mafia, katika pwani ya kusini ya Tanzania. Boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimesitisha safari, wavuvi walikwisha kuonywa wasitoke baharini, na wakazi wa Rufiji, Kilwa na Lindi walikuwa wakisikiliza redio ili wajue kimbunga kitapita wapi.

Kilipoingia nchi kavu nguvu zake zilikuwa zimepungua, na watu wengi wakashusha pumzi. Hata hivyo mvua iliyoandamana nacho, ikinyesha juu ya ardhi iliyokwisha kulowa kwa masika mazito ya mwaka huo, ilikata barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara na kuleta mafuriko wilayani Kilwa.

Kwa Kiswahili hidaya ni zawadi. Ikiwa kimbunga hicho kilituletea zawadi yoyote, basi ni kuiondoa dhana ya siku nyingi kwamba tufani ni mambo ya Msumbiji, Madagaska na Komoro, na kwamba mwambao wetu hauhusiki.

Sasa swali ni la kila mwenye nyumba: upepo wa namna hiyo ukirudi ukiwa na nguvu zake zote, nyumba itasimama? Jibu, mara nyingi, halitegemei unene wa kuta wala bei ya bati. Linategemea vifungo vidogo vilivyofichika kati ya paa na ukuta, ambavyo gharama yake ni ndogo kuliko kitu kingine chochote katika ujenzi, na ambavyo watu wengi hawajawahi kuviuliza.

Kwa nini tulidhani tuko salama

Dhana hiyo haikutoka hewani. Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 za Selsiasi, na kinahitaji pia msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia ili upepo uweze kuzunguka. Karibu na Ikweta msukumo huo ni hafifu mno, na ndiyo maana ni nadra sana kwa kimbunga kuumbika ndani ya nyuzi tano za latitudo kutoka Ikweta. Mombasa iko ndani ya eneo hilo. Unguja na Dar es Salaam ziko nje yake kidogo tu. Mafia, Lindi na Mtwara ziko nje kabisa, kati ya nyuzi nane na kumi kusini.

Kisiwa cha Madagaska nacho hutukinga kwa kiasi, kwa kuwa vimbunga vingi vinavyotoka mashariki ya Bahari ya Hindi hukipiga kwanza, au hugeukia kusini kabla ya kutufikia.

Lakini kinga hiyo si ukuta. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikavunja majahazi na merikebu za Seyyid Barghash bandarini, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Pemba iliepuka kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa kitovu cha kilimo cha karafuu. Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kimbunga kingine kiliipiga Lindi.

Katika miaka ya karibuni matukio yamekaribiana. Machi 2019 kimbunga Idai kiliharibu mji wa Beira na kuua watu zaidi ya elfu moja nchini Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Wiki sita baadaye, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipita karibu na Ngazija kikaingia Cabo Delgado, kusini ya mto Ruvuma. Watu wa huko, Wamakonde na Wamwani, ni ndugu wa watu wa Mtwara kwa damu na kwa lugha. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea pwani ya Tanzania lakini kikafifia kabla ya kufika. Kisha akaja Hidaya, mwezi Mei, wakati ambapo msimu wa vimbunga, unaoanza Novemba hadi Aprili, ulitarajiwa kuwa umekwisha.

Wanasayansi hawasemi kwamba idadi ya vimbunga itaongezeka. Wanachosema ni kwamba, kadiri bahari inavyozidi kupata joto, sehemu ya vimbunga vinavyofikia nguvu kubwa huongezeka, na mvua inayoandamana navyo huwa nzito zaidi.

Wala bara si salama. Machi 2015, katika kijiji cha Mwakata wilayani Kahama, mbali kabisa na bahari, dhoruba ya usiku mmoja ya upepo, mvua na mawe ya barafu iliua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao. Dhoruba za radi za namna hiyo hudumu dakika chache tu, lakini upepo wake huweza kuezua shule nzima.

Upepo hufanya nini juu ya paa

Wengi hudhani kwamba upepo hubomoa nyumba kwa kuisukuma. Kusukuma kupo, lakini adui mkubwa zaidi ni kuvuta. Upepo unapopanda mteremko wa paa na kuvuka mgongo wake, huongeza kasi, na hewa iliyo juu ya paa hupungua mgandamizo. Paa basi hufyonzwa kwenda juu, kama linavyoinuka bawa la ndege. Mvuto huo huwa mkali zaidi pembezoni: kwenye upenu, kwenye kingo na kwenye mgongo wa paa.

Nguvu ya upepo nayo haipandi sambamba na kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 50 kwa saa, unaotikisa miti mizima, hutoa mgandamizo wa karibu kilo 12 kwa kila mita ya mraba. Ukifika kilomita 100 kwa saa, mgandamizo huo ni karibu kilo 47. Ukifika kilomita 150, ni zaidi ya kilo 100.

Sasa tuliangalie bati. Bati jepesi la geji 30, linaloezekwa katika nyumba nyingi za mwambao, halifiki kilo tatu kwa mita ya mraba. Uzito wake hauwezi kushindana na mvuto huo hata kidogo. Nyumba ndogo yenye paa la mita za mraba 60, ikipigwa na upepo wa kilomita 100 kwa saa, paa lake huweza kuvutwa juu kwa nguvu ya tani mbili au zaidi. Kitu pekee kinacholizuia ni mnyororo wa vifungo: msumari unaoshika bati kwenye papi, papi iliyopigiliwa kwenye kenchi, kenchi iliyolala juu ya mbao ya ukutani, na mbao hiyo iliyokaa juu ya ukuta.

Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, umekatika wote. Ndiyo maana baada ya dhoruba mara nyingi utakuta paa zima limelala kiwanjani kwa jirani, bati zikiwa bado zimeshikamana na mbao zake. Misumari ya bati ilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni kitu cha kuifunga kenchi kwenye ukuta, kwa kuwa fundi alipiga misumari miwili ya mshazari akaamini kwamba uzito wa paa utamaliza kazi iliyobaki.

Paa likiondoka, hasara haiishii kwenye mvua kuingia ndani. Paa ndilo linaloshikilia ncha za juu za kuta zisiyumbe. Likitoka, kuta za tofali hubaki zimesimama peke yake, na hizo ndizo zinazowaangukia watu.

Kuna jambo jingine. Dirisha au mlango wa upande unaopigwa na upepo ukivunjika, hewa huingia kwa kishindo na kulisukuma paa kutoka chini, huku upepo wa nje ukilivuta kutoka juu. Ipo imani kwamba ni vyema kufungua madirisha wakati wa tufani ili hewa ya ndani na ya nje zilingane. Imani hiyo ni ya hatari. Nyumba ifungwe, na ibaki imefungwa.

Maswali ya kumuuliza fundi

La kwanza: kenchi zimefungwa kwa nini? Jibu zuri ni nondo au ukanda wa chuma uliozamishwa katika zege la juu ya ukuta, kisha ukazungushwa juu ya kila kenchi na kupigiliwa. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, ukanda wa chuma huweza kushushwa kutoka kwenye kenchi hadi tofali kadhaa chini na kukazwa kwa bolti. Kazi hiyo haihitaji kubomoa kitu.

La pili: je, juu ya kuta upo mkanda wa zege wenye nondo, ambao mafundi huuita linta, na je, unaizunguka nyumba nzima bila kukatika? Mkanda unaoishia juu ya milango na madirisha peke yake hauzifungi kuta pamoja.

La tatu: bati limepigiliwaje? Misumari ya bati yenye kofia, mirefu ya kutosha kuingia ndani ya papi, ni bora kuliko ya kawaida, na skrubu ni bora zaidi. Pembezoni na mgongoni, ambako mvuto ni mkali, vifungo viwe karibu karibu kuliko katikati. Msumari uliolegea au ulioshika kutu ubadilishwe, kwa maana bati moja likishaanza kupigapiga, huwafungulia njia wenzake.

La nne: je, paa la baraza limeungana na paa la nyumba? Baraza ni wazi, hivyo upepo huingia chini yake na kuliinua. Likiwa paa lake limetengwa, litaondoka peke yake. Likiwa ni kipande kimoja na paa kubwa, litaondoka nalo. Upenu mrefu nao una hatari hiyo hiyo, ingawa tunaupenda kwa kivuli chake.

La tano ni la umbo. Paa lenye mteremko wa pande nne hustahimili upepo vizuri zaidi kuliko la pande mbili, na mteremko wa nyuzi kama 30 ni salama kuliko paa lililokaribia kulala.

Msomaji aliyeko Maskati, London au Toronto, anayetuma fedha za kujengea nyumbani, ana nafasi ya pekee katika jambo hili. Picha anazotumiwa kwa simu huonyesha rangi ya bati, marumaru za sakafuni na geti. Aombe picha nyingine: ya kenchi na vifungo vyake kabla dari halijafungwa. Dari likishafungwa, tofauti kati ya paa lililofungwa na paa lililowekwa tu haionekani tena mpaka siku ya upepo.

Nyumba za udongo na makuti

Si kila mtu ana tofali na zege. Nyumba ya nguzo na udongo iliyoezekwa kwa makuti ina nguvu zake: makuti hupitisha hewa kuliko bati, na yakianguka hayakati watu. Udhaifu wake uko mahali pawili. Nguzo huoza pale zinapoingia ardhini, kwa hiyo zichimbuliwe kidogo na kukaguliwa kila mwaka. Pili, nguzo zilizosimama wima bila mbao za mshazari hulala zote upande mmoja kama mchezo wa karata. Mbao mbili za mshazari katika kila pembe huleta tofauti kubwa.

Paa la makuti, au la bati lisilo na vifungo madhubuti, linaweza kusaidiwa kwa kamba nene au wavu wa uvuvi unaotandazwa juu yake na kufungwa chini kwenye vigingi vilivyozama ardhini. Desturi ya kupanga mawe na magurudumu chakavu juu ya bati haifai. Jiwe halimshindi upepo anayeweza kuinua tani, na likivingirika humwangukia aliye chini. Atakayetumia mifuko ya mchanga aifunge miwili miwili kwa kamba inayopita juu ya mgongo wa paa, mmoja huku na mwingine kule.

Na iwapo nyumba haina uwezo wa kustahimili, ushauri ni mmoja: watu wahamie mapema kwenye jengo imara zaidi, iwe ni shule, msikiti, kanisa au nyumba ya jirani iliyojengwa kwa zege.

Siku tatu za tahadhari

Kimbunga, tofauti na dhoruba ya radi, hutoa muda. Kituo cha kikanda cha kufuatilia vimbunga, kilichoko kisiwani Reunion na kuendeshwa na idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, hukifuatilia tangu kikiwa mgandamizo mdogo wa hewa katikati ya bahari. Kwa Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya machungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu.

Angalizo likitolewa, kazi ya nje ndiyo ya kwanza. Matawi yaliyoinamia nyumba yapogolewe. Nazi na makuti makavu yaangushwe, kwa sababu nazi inayorushwa na upepo ni kombora. Madishi ya televisheni, paneli za umeme wa jua na bati zilizolala uani vikazwe au viingizwe ndani. Tangi la maji lijazwe: tangi tupu la lita elfu moja hupeperuka, lakini likijaa lina uzito wa tani moja, na maji hayo yatahitajika baadaye. Vyombo vya baharini vipandishwe juu kabisa ya mstari wa maji makuu na kufungwa.

Ngazi ikipanda kuwa tahadhari, zamu ni ya ndani. Maji ya kunywa ya siku tatu, kama lita nne kwa mtu kwa siku. Chakula kisichohitaji kupikwa. Dawa za wenye kisukari, shinikizo la damu na pumu. Redio ya betri na tochi. Simu ijazwe chaji. Fedha taslimu kiasi fulani, kwani mtandao ukikatika fedha za kwenye simu hazitoki. Hati za nyumba, vyeti na vitambulisho vitiwe katika mfuko wa plastiki, kisha katika ndoo yenye mfuniko.

Mbao zipigiliwe juu ya madirisha ya vioo. Kubandika gundi ya karatasi kwenye kioo hakukizuii kuvunjika.

Kabla mambo hayajachafuka, familia ikubaliane juu ya mtu mmoja aliye nje ya eneo la hatari atakayepokea habari za wote. Sisi tulio mbali tuna desturi ya kupiga simu kila baada ya dakika kumi, ndugu kumi kwa zamu, hadi betri ya mama inazimika pale anapoihitaji zaidi. Ujumbe mfupi wa maandishi hupita hata mtandao unapoelemewa, na hautumii chaji nyingi.

Wasiotaka kuhama

Katika kila tufani wapo wanaobaki. Mara nyingi wanajua hatari, lakini wana sababu. Wapo wanaoogopa wezi. Wapo wenye ng'ombe na mbuzi. Wapo wazee wanaosema kwamba wamezaliwa katika nyumba hiyo na haijawahi kuanguka. Na wapo wanaokumbuka kwamba mwaka 2019 Mtwara ilitangaziwa hatari, watu wakahama, na kimbunga hakikuja, na mwaka 2021 ikawa vivyo hivyo kwa Jobo.

Hoja hiyo ya mwisho inastahili jibu la heshima. Mwaka 2019 watabiri hawakukosea kuhusu Kenneth. Kimbunga kilikuja, ila kiliingia upande wa pili wa Ruvuma, na waliokipata wanajua kilikuwaje. Mkengeuko mdogo wa njia baharini hutosha kuuvusha msiba kutoka wilaya moja hadi nyingine, na hakuna chombo kinachoweza kuapa siku mbili kabla kwamba ni kijiji hiki na si kile. Tahadhari iliyopita bila madhara haikuwa ya uongo. Gharama yake ni usiku mmoja wa kulala shuleni.

Wanaoshughulika na uokoaji hupata mafanikio zaidi wanapojibu sababu yenyewe: mlinzi wa kijiji abaki zamu, mifugo ihamishiwe mwinuko kabla ya watu, na mzee achukuliwe na mjukuu anayemsikiliza badala ya kuamriwa kwa kipaza sauti.

Upepo ukishaanza

Aliyebaki nyumbani achague chumba kidogo cha ndani, chenye kuta pande zote na dirisha dogo au kisicho na dirisha kabisa. Choo cha ndani au ushoroba mara nyingi hufaa kuliko sebule. Swichi kuu ya umeme izimwe na mtungi wa gesi ufungwe. Taa iwe tochi, kwa kuwa mshumaa au kibatari katika nyumba inayotikisika ni mwanzo wa moto. Paa likianza kutoka, watu wajibanze chini ya meza imara au kitanda, karibu na ukuta wa ndani, na wajifunike magodoro vichwani.

Asitoke mtu kwenda kushikilia bati. Bati linalopeperuka hukata kama panga.

Kuna mtego mmoja ambao watu wa mwambao, kwa kuwa hawajazoea vimbunga, wanapaswa kuujua. Kimbunga kikipita juu kwa juu, ghafla upepo hutulia. Mvua hukatika, pengine nyota zikaonekana. Hilo ni jicho la kimbunga, na utulivu wake huweza kudumu dakika chache au hata saa nzima. Wengi hutoka kuangalia hasara, kutafuta kuku au kuita majirani. Kisha upepo hurudi mara moja ukitokea upande wa pili, na kile kilichokuwa kimelegea katika nusu ya kwanza hung'oka katika nusu ya pili. Redio, wala si masikio, ndiyo itakayosema kwamba tufani imekwisha.

Somo kutoka Oman

Nyumba imara peke yake haitoshi, na hilo linajulikana vyema na ndugu zetu wa Oman, ambako familia nyingi zenye asili ya Unguja, Pemba na mwambao bado zinazungumza Kiswahili. Nyumba za Maskati ni za zege tupu, na upepo hauzitishi sana. Lakini kimbunga Gonu kilipofika Juni 2007, watu karibu 50 walipoteza maisha, na muuaji mkubwa alikuwa maji yaliyoteremka milimani na kupita katika mabonde makavu ambayo kwa miaka mingi watu walikuwa wameyazoea kama barabara na viwanja. Oktoba 2021 kimbunga Shaheen kiliingia mwambao wa Batina, kaskazini ya nchi, mahali ambapo vimbunga ni nadra sana, na mafuriko yakaleta tena vifo.

Fundisho ni kwamba kabla ya kuuliza nyumba imejengwaje, ni lazima kuuliza imejengwa wapi. Kiwanja cha bei rahisi kilicho katika njia ya maji, huko Batina au Bonde la Msimbazi, kitadaiwa na mwenyewe siku moja. Na gari lisiingizwe katika maji yanayokwenda kasi: kina cha sentimita 30 kinaweza kulielea gari dogo, na sentimita 60 hulichukua karibu gari lolote la kawaida.

Baada ya tufani

Majeruhi wengi hupatikana baada ya upepo kutulia. Watu hukanyaga misumari, hugusa nyaya za umeme zilizolala majini, hupanda mapaa yaliyolegea. Kila waya ulioanguka uchukuliwe kuwa una umeme. Viatu vivaliwe, na watoto wazuiwe kucheza katika maji ya mafuriko.

Jenereta na jiko la mkaa vibaki nje. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini katika chumba kilichofungwa.

Visima vilivyoingiliwa na mafuriko visitumike mpaka vitiwe dawa. Maji yachemshwe au yatiwe klorini. Beira ilipigwa na kipindupindu siku chache tu baada ya Idai, na maelfu ya watu waliugua.

Kabla ya kuondoa kifusi, picha zipigwe. Zitasaidia katika kuomba msaada, na zitamwonyesha fundi mahali ambapo mnyororo wa vifungo ulikatika. Nyumba ikiezekwa upya jinsi ilivyokuwa, itaondoka tena jinsi ilivyoondoka.

Kazi ya kiangazi

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyumba inayosimama baada ya tufani nayo imeundwa, na kazi hiyo haifanyiki siku ya tahadhari nyekundu, wakati mafundi wote wa mji wanatafutwa na misumari imekwisha dukani.

Msimu wa vimbunga huanza Novemba. Kabla yake mwambao wetu hupata miezi ya kusi, kuanzia Juni, ambapo mvua ni chache na mafundi wanapatikana. Siku moja ya Agosti, mwenye nyumba apande darini na tochi, aitazame kenchi moja baada ya nyingine, na aulize kila moja imeshikwa na nini. Asipoona chuma, anunue mikanda ya chuma na bolti siku hiyo hiyo na kumwita fundi.